Cheti cha Kutokuwa na Bima

Kuanzia Jumatatu ya kwanza baada ya Mwaka Mpya, hakuna mwananchi wa Karatu aliyeruhusiwa kugongwa na gari lisilo na bima bila kufuata utaratibu wa Kamati.

Tangazo hilo lilisomwa mnadani, likasomwa mlangoni pa kanisa baada ya misa ya pili, likasomwa tena kwenye foleni ya sukari, mahali ambapo watu wametulia na hawana pa kukimbilia. Msomaji alikuwa Ignas, Katibu wa Kamati ya Kushughulikia Magari Yasiyo na Bima na Yale Yenye Bima Pungufu, Kanda ya Karatu na Ngorongoro. Jina lilikuwa refu kiasi kwamba Ignas alilazimika kuvuta pumzi katikati, kwenye "na Yale", na wenye haraka waliaga hapo hapo.

Ulikuwa mwaka wa pili tangu vita vya Kagera viishe. Petroli ilipatikana kwa kibali, sabuni kwa bahati, na Jumapili ikishagonga saa nane mchana magari ya watu binafsi yalipigwa marufuku barabarani mpaka Jumatatu alfajiri. Magari ya Karatu yalikuwa machache, na kila moja lilijulikana kwa kikohozi chake. Wasioelewa mambo ya utawala waliuliza kwa nini magari machache hivyo yaundiwe kamati nzima. Ignas aliwajibu kwa upole kwamba tatizo likishakuwa kubwa halishughulikiki, ndiyo maana Serikali yenye busara hulivamia likiwa changa, na ikiwezekana kabla halijazaliwa.

Ignas alikuwa mtu wa watu. Shule yake kubwa ilikuwa gereji za Arusha na vijiwe vya Karatu, na alihitimu vizuri kote kuwili. Alijua nani kagombana na mkwewe na nani kanunua kitenge kwa siri. Alichokipenda duniani ni chumba kilichojaa watu, chai ya maziwa, na mtu anayeanza kwa kusema, "Mmesikia ya jana?" Kwa sababu hiyo ofisi yake halisi haikuwa ile ya Kamati, yenye kiti kimoja ambacho kilikuwa cha Mwenyekiti. Ofisi yake ilikuwa hoteli ya Mama Scholastika.

Scholastika alikuwa mjane wa Endabash, mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya bonde na mkono usiopima maziwa kwa uchoyo. Alikuwa na pick-up, Peugeot kuukuu ya rangi ya kijani, iliyomletea maziwa na mbuzi kutoka Endabash na maharage kutoka Buger. Mtu akiisifu hoteli yake, humrekebisha: hoteli ni ile pick-up, haya mabenchi ni mapambo. Na pick-up hiyo aliikatia bima kubwa, kwa sababu Ignas mwenyewe alimshauri.

Alimweleza siku moja mbele ya watu wote, kwa kutumia vikombe. Kikombe hiki ni gari lako, kile ni la mwenzio. Ukiwa na bima ndogo, ukamgonga mwenzio, Shirika la Bima linamlipa yeye, wewe unabaki na vigae vyako. Ukiwa na bima kubwa, hata yeye akikugonga wewe, na akawa hana bima kabisa au ana bima ya kutosha kioo tu, Shirika linakutengenezea gari lako. Halafu lenyewe ndilo linamfuata huyo mgongaji, popote alipo.

"Huo ni ukoo tu," alisema Kakuta, mfugaji wa Ngorongoro aliyekuwa ameleta ng'ombe mnadani na kukaa karibu na mlango ili awaone punda wake. "Mtu asiye na ukoo akikuumiza, ukoo wako unakufuta machozi, kisha unamtafuta. Ninyi mmeongeza karatasi."

Ignas alicheka pamoja na wengine. Hakujua bado ni karatasi kiasi gani.

Maana Mwenyekiti wa Kamati, Ndugu Sebastiani, hakuwa mtu wa kuacha jambo likiwa jepesi. Alikuwa mrefu, mwenye suti ya kaunda iliyopigwa pasi hata mifuko, na alipofikiri alifumba macho ili mawazo yasitoroke. Siku ya kikao cha kwanza aliyafumba kwa muda mrefu, kisha akasema kwamba kuna kasoro ya kimsingi. Mwenye bima ana cheti. Asiye na bima hana kitu. Na kitu ambacho hakipo hakiwezi kuambatanishwa kwenye faili. Shirika litajuaje kwamba mgongaji hakuwa na bima, ilhali hana ushahidi kwamba hana?

Hivyo ndivyo kilivyozaliwa Cheti cha Kutokuwa na Bima. Kilikuwa cha rangi ya waridi, chenye mhuri wa Kamati na saini ya Mwenyekiti. Kila dereva asiye na bima alitakiwa afike ofisini kwa hiari yake, atamke hadharani kwamba hana, apewe cheti na akibebe daima, ili siku akimgonga mtu amkabidhi bila usumbufu. Asiyekabidhiwa cheti na aliyemgonga, halipwi.

Madereva wasio na bima hawakutokea hata mmoja. Walitokea wengine. Vibarua wa mashamba ya kahawa, watu wa Singida na Dodoma, walijipanga Jumamosi ya mshahara, wakatamka mmoja mmoja kwamba hawana bima, na kweli hawakuwa nayo, wala gari, wala baiskeli. Mhuri ni mhuri, walisema. Huwezi kujua utakuokoa wapi. Kakuta alichukua vyeti vya punda wake wote, kwa hoja kwamba nao hutumia barabara na hakuna hata mmoja aliyekata bima. Ndugu Sebastiani aliandika taarifa kwenda Arusha kwamba Kamati imewabaini watu wengi mno wasio na bima, na kwamba kiwango cha ajali za magari miongoni mwao ni sifuri. Arusha walifurahi. Walijibu kwamba mkaguzi atakuja kujionea, na kwamba kuna cheo kinatafuta mwenyewe.

Kisha ikaja Jumapili ya kipaimara.

Mji mzima ulikuwa nje, umevaa, na sahani mkononi. Scholastika alikuwa anarudi kutoka Endabash na madebe ya maziwa na mbuzi wawili, anawahi saa nane isimkute njiani. Alipofika kwenye kona ya kanisa, Land Rover nyeupe ilitokea upande wa lango la Hifadhi ya Ngorongoro, ikaikata kona kwa ndani kabisa, upande usio wake, ikaisukuma pick-up mpaka mtaroni. Maziwa yalimwagika yakateremka barabarani. Mbuzi walishuka wenyewe, wakasimama pembeni na kutazama kama watu wengine.

Land Rover ilisimama. Ndani yake walikuwamo kondoo watatu wanene wa kupelekwa ukweni, na kwenye usukani alikuwa Ndugu Sebastiani mwenyewe, aliyempumzisha dereva wake kwa siku hiyo. Alitoa kichwa dirishani, akawatazama wananchi, akamtazama Scholastika aliyekuwa anajitoa mtaroni akishika kiwiko.

"Poleni sana," alisema. "Kamati itafuatilia."

Akaondoka.

Kesho yake Kamati iliketi. Yaani Mwenyekiti aliketi na Ignas akasimama. Jambo lilikuwa zito. Gari la Kamati lilikuwa la Serikali, na Serikali haikati bima, kwa sababu Serikali, kama Mwenyekiti alivyopenda kueleza, ndiyo bima. Kwa maneno mengine, katika miezi yote ya kumtafuta dereva asiye na bima, huyu alikuwa wa kwanza kupatikana.

Ndugu Sebastiani alifumba macho. Alipoyafumbua alipendekeza kwamba ajali itokee baada ya saa nane. Ikiwa hivyo, Mama Scholastika alikuwa barabarani kinyume cha sheria na bima yake haimsaidii. Ignas, kwa heshima zote, alikumbusha kwamba baada ya saa nane hata gari la Serikali linahitaji kibali cha safari, na kondoo hawakuwa na kibali. Mwenyekiti aliirudisha ajali kabla ya saa nane. Akafumba tena.

"Gari la Kamati lilikuwa Sale, mbali kule Ngorongoro," alisema hatimaye. "Kikazi."

"Lilikuwa Sale, Mzee?"

"Liko Sale hata sasa. Halijarudi."

Wote wawili walitazama dirishani. Land Rover ilikuwa uani, pua imebonyea upande wa kushoto, rangi ya kijani ya Peugeot imeng'ang'ania kwenye bampa, na kinyesi cha kondoo kinakauka mlangoni.

"Unaona nini, Ignas?"

"Naona ua, Mzee."

"Utafika mbali, kijana."

Mama Scholastika alipokuja, mkono umefungwa kanga shingoni, Mwenyekiti alimpokea kwa masikitiko makubwa, akampa hata kile kiti. Alimweleza kwamba Kamati imepokea shauri lake na iko pamoja naye, ila gari la Kamati liko Sale kikazi, na aliyemgonga hajulikani.

"Hajulikani vipi, Ndugu Mwenyekiti? Alinipa pole."

"Asiyejulikana anaweza kuwa na adabu zake, mama."

"Mji mzima ulimwona."

"Kuona si kujua. Mlete aliyekugonga na Cheti chake cha Kutokuwa na Bima. Siku hiyo hiyo fomu yako naipeleka Arusha."

Scholastika alimgeukia Ignas, ambaye alikuwa anatazama ua.

Pick-up ilivutwa na maksai mpaka nyuma ya hoteli, ikafunikwa turubai kama marehemu. Siku zikapita. Chai ikawa ya rangi. Makande yakawa mahindi, maana maharage ya Buger hayakuwa na wa kuyaleta. Watu wakaanza kwenda kwingine, kwanza kwa kujificha, baadaye kwa kupita mbele ya mlango bila hata kuamkia. Ignas alijikuta peke yake kwenye benchi la watu sita, bila habari yoyote mpya, akisikiliza nzi. Ndipo Scholastika alipomwambia, akiwa anafuta meza iliyokuwa safi tayari, kwamba masika yakishaingia njia ya Endabash haipitiki kwa gari bovu wala zima. Pick-up isipotengenezwa kabla ya hapo, atauza mabenchi na kurudi kwa kaka zake, akapike kwa wifi yake kama binti mdogo.

"Wewe ndiye uliyeniambia nikate bima kubwa," alisema. Hakupandisha sauti. Ignas angefurahi kama angepandisha.

Huku nyuma Ndugu Sebastiani alihisi mkaguzi anakaribia, akaona vyema Kamati ionekane kali. Alimwandikisha Ignas amri, nayo ilikuwa nzuri sana. Ilisema kwamba gari lenye pua iliyobonyea kushoto na rangi ya kijani kwenye bampa linaendeshwa na mtu asiyejulikana. Kwa hiyo ni marufuku kwa mwananchi yeyote kulitilia gari hilo petroli, au kumpa dereva wake chakula na maji, au kulisukuma hata likikwama, mpaka dereva huyo ajulikane kwa kuchukua cheti.

Ignas aliisoma ile amri mara mbili. Katibu mwingine pengine angemkumbusha bosi wake jambo. Ignas alikumbuka kwamba yeye haoni chochote uani, akachukua kipaza sauti.

Hajawahi kutangaza kitu vizuri namna ile. Alikwenda mnadani, akaenda kanisani na msikitini, akaenda mpaka mashambani saa ya mapumziko. Wananchi wa Karatu, ambao kwa miaka mingi walilaumiwa kuwa wazito wa kutekeleza maagizo, safari hii walitekeleza kwa moyo mmoja.

Wa kwanza alikuwa Sara wa kituo cha petroli. Mwenyekiti alisimamisha gari, akatoa kibali dirishani. Sara alizunguka mpaka mbele, akainama, akaitazama pua, akarudi.

"Shikamoo, Mzee. Kwa hili gari siwezi."

"Hili ni gari la Kamati, binti."

"La Kamati liko Sale, Mzee. Wewe mwenyewe ulisema. Hili ni la yule mtu asiyejulikana." Akainamia dirisha, akapunguza sauti kwa huruma. "Na wewe, Mzee, ungeshuka humo. Watu watakufikiria vibaya."

Kwa petroli iliyobaki Mwenyekiti aliamua kulipeleka gari kwa rafiki yake wa lango la Hifadhi, likafichwe mpaka mkaguzi aondoke. Lakini mvua za kwanza zilikuwa zimeshaonja ardhi, na udongo mwekundu wa njia ile ukilowa hauna undugu. Land Rover ilizama mpaka ekseli. Kakuta na wenzake walikuwa wanapita na punda wao. Waliposikia injini inalia wakaja, wakaketi kwenye kingo, wakaweka fimbo magotini.

"Sopa, Mwenyekiti," alisema Kakuta.

"Sukumeni, jamani."

"Tungesukuma. Tatizo ni pua."

"Kakuta, unanijua mimi."

"Wewe nakujua sana. Dereva wa hili gari ndiye simjui." Aliwageukia wenzake, wakazungumza kidogo kwa Kimaasai, wakatikisa vichwa kwa masikitiko. "Au ni wewe? Sema tu. Sisi tuna mikono mingi hapa."

Ndugu Sebastiani alitazama ile mikono mingi. Alitazama matope. Kisha akashuka, akavua viatu, akarudi Karatu kwa miguu akiwa na viatu mkononi. Kila aliyepishana naye alimsalimu kwa jina na cheo kamili, ili asije akadhani kwamba hajulikani.

Jioni hiyo ikaja simu ya upepo kutoka Arusha. Mkaguzi atafika kesho kwa basi. Amefurahishwa sana na taarifa ya Mwenyekiti kwamba gari la Kamati limekuwa Sale kwa wiki kadhaa kikazi. Anaomba lije limchukue, limpeleke huko akaone kazi yenyewe.

Mwenyekiti alifumba macho mpaka Ignas akadhani amelala. Gari lilikuwa matopeni. Hakuna wa kulitoa, hakuna wa kulitia petroli, na aliyepiga marufuku yote hayo alikuwa hapo hapo kwenye kiti kimoja cha ofisi. Ilibaki njia moja tu ya kisheria.

Asubuhi foleni ya vyeti ilikuwa ndefu kuliko siku zote. Habari ilikuwa imetembea, na Ignas ndiye aliyekuwa miguu yake. Scholastika alikuwepo. Sara alifunga kituo akaja. Kakuta alisema anataka cheti cha punda aliyezaliwa juzi. Ndugu Sebastiani alitaka kupita mbele, watu wakamkumbusha kwa adabu kwamba foleni haina mkubwa. Zamu yake ilipofika, Ignas alimuuliza maswali kama anavyomuuliza kila mtu.

"Una bima?"

"Sina."

"Unaendesha gari gani?"

Mwenyekiti alilitaja.

"Umemgonga nani?"

Jibu halikusikika.

"Sauti, Mzee," alisema Ignas. Sauti yake ilikuwa ile ile ya mnadani. "Walioko nyuma hawasikii."

"Mama Scholastika."

Ignas aligonga mhuri, akamsogezea kile cheti cha waridi ili kitiwe saini ya Mwenyekiti. Mwenyekiti akamtilia saini mwombaji, na mwombaji akamkabidhi Scholastika cheti kwa mikono miwili, kama utaratibu ulivyotaka. Vijana wakaondoka mbio kwenda kulitoa gari matopeni, kwa kuwa sasa lilikuwa na mwenyewe.

Mkaguzi alikuwa mama mfupi mwenye miwani minene, aliyeshuka kwenye basi akiwa na vumbi mpaka kwenye nyusi. Alikuta umati uani akadhani ni mapokezi. Alipewa kile kiti, akapewa fomu ya Scholastika na cheti kikiwa kimebanwa juu. Alisoma vyote polepole. Akauliza ajali ilitokea siku gani, na gari lilibeba nini, na watu walijibu kwa pamoja.

Alisema fomu imekamilika. Bima kubwa inalipa. Vipuri vitaletwa na basi na fundi wa Shirika atakuja navyo. Na kweli pick-up ilirudi barabarani kabla masika hayajafunga njia ya Endabash, ikikohoa kama zamani. Lakini siku ile, mbele ya mkaguzi, Scholastika alikaa chini palepale kwenye nyasi, akaufungua ule mkono uliofungwa kanga.

"Na huyu aliyemgonga," aliendelea mkaguzi, "Shirika litamdai yeye."

"Serikali," alisaidia Ndugu Sebastiani haraka, "itajilipa yenyewe kwa utaratibu wa kawaida."

"Serikali haikuwemo kwenye gari, ndugu yangu. Walikuwemo kondoo." Mkaguzi aligeuza kile cheti, akakisogeza karibu na miwani. "Hapa umetamka mbele ya mashahidi kwamba unaendesha bila bima. Hilo ni kosa, unalijua? Nilikuwa najiuliza miezi yote hii ni mwenye gari yupi atakayekuja kujishtaki kwa hiari yake, tena akaomba na mhuri."

Alisimama, akaukabili umati, akasafisha koo kama mtu aliyekuja na hotuba na hataki iharibike.

"Ndugu wananchi. Kamati hii iliundwa ili imtafute dereva wa Karatu anayeendesha bila bima. Nafurahi kuwatangazia kwamba amepatikana. Ni mmoja, ana gari, amekiri, na amesainiwa na Mwenyekiti mwenyewe. Lengo limefikiwa kwa ukamilifu. Kwa hiyo Kamati imemaliza kazi, na kuanzia leo imevunjwa. Kilichobaki ni cha polisi. Naomba tuwapongeze viongozi wake."

Makofi yalilipuka kutoka uani mpaka barabarani. Ignas alipiga mpaka viganja vikawaka moto. Ndugu Sebastiani naye, mtu aliyehudhuria mikutano mingi maishani mwake, alipiga kwa mazoea pamoja na wananchi, tena kwa nguvu, mpaka mtu mmoja kando yake alipomshika kiwiko taratibu akamwonyesha askari anayemsubiri.